Jikoni kwa Minnie, Jikoni kwa Mary: Mauaji Mawili Yanayosimuliwa Kama Moja

Mke amemuua mumewe. Polisi wamekuja, wamepekua nyumba yote juu na chini, na kile wanachokitafuta kiko jikoni, mbele ya macho yao. Msimulie mtu hivyo naye atakukatiza: ah, hiyo naijua! Kisha ataanza kuisimulia kwa kuchanganya, kanari na mguu wa kondoo, kamba na oveni. Mchanganyiko huo nimeusikia hapa Mombasa kwa walimu wa fasihi na kwa vijana wanaoazimana vitabu vya upelelezi vilivyochanika majalada. Siwalaumu. Ukizitazama kwa mbali hadithi hizi mbili ni pacha.

Ya kwanza ni "A Jury of Her Peers" ya Mmarekani Susan Glaspell, iliyochapishwa mwaka 1917. Ya pili ni "Lamb to the Slaughter" ya Roald Dahl, Mwingereza mzaliwa wa Wales, iliyotoka katika jarida la Harper's mwaka 1953. Kati yao kuna miaka 36, Vita Kuu ya Pili, na ujio wa friza majumbani. Na friza, kama tutakavyoona, si jambo dogo. Ila kinachozitenga hasa ni kazi anayopewa msomaji. Glaspell anamketisha msomaji aamue. Dahl anamfanya mshirika wa muuaji, aombe moyoni asikamatwe. Mengine yote, tangu silaha hadi kicheko cha mwisho, yanatokana na hapo.

Kwanza tukumbushane visa hivi vilikuwa vikiendaje kabla yao. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe alimleta Dupin, bwana wa Paris anayefumbua kwa kutazama na kufikiri tu mauaji yaliyowashinda polisi. Mwaka 1887 akaja Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na mtindo ukakaa: maiti, fumbo, bingwa, rafiki wa bingwa anayestaajabu kila saa, na mwishoni darasa la jinsi mambo yalivyokuwa. Sisi huku tunaujua mtindo huo kwa sura ya Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni na Najum ubavuni. Hapo msomaji huwa nyuma ya mpelelezi siku zote, anahema asiachwe. Kisha mwaka 1912 Mwingereza R. Austin Freeman akatoa mkusanyo uliokwenda kinyume: msomaji anamwona muuaji akiua mwanzoni kabisa, na raha inabaki katika kutazama atanaswa vipi.

Dahl aliichukua njia ya Freeman akaikata mkia, kwa sababu kwake hanaswi mtu. Glaspell hakufuata njia yoyote kati ya hizo, na ndiyo maana hadithi yake ni ngumu zaidi kuielezea kwa ufupi.

Yake ilianza na maiti ya kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1900, mkulima aitwaye John Hossack alipigwa shoka kichwani akiwa kitandani, shambani kwake katika jimbo la Iowa. Mkewe Margaret alisema alikuwa amelala kando yake na hakumwona aliyepiga. Glaspell wakati huo alikuwa ripota wa miaka 24 katika gazeti la Des Moines Daily News, akaandika habari za kesi hiyo mfululizo. Margaret alipatikana na hatia mwaka 1901 na kupewa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikaitengua hukumu. Kesi ikasikizwa upya mwaka 1903, safari hii wanajuri, yaani raia walioketi kuamua kesi, wakashindwa kuafikiana, na mama huyo akaachwa aende zake. Katika kesi zote mbili, walioketi kumwamua walikuwa wanaume watupu. Sheria haikuruhusu vingine.

Glaspell alikaa na habari hiyo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1916 aliitoa kama mchezo mfupi wa jukwaani, na mwaka uliofuata akaigeuza hadithi. Shoka likawa kamba. Hossack akawa John Wright, mtu asiye mlevi, mlipaji madeni, na mkavu kama upepo wa kusi unaopenya mifupani. Mkewe ni Minnie, ambaye kabla ya ndoa alikuwa msichana wa nguo nyeupe na utepe wa buluu, akiimba katika kwaya.

Ajabu ya kwanza: Minnie hatumwoni hata mara moja. Hadithi inapoanza yeye tayari yuko korokoroni. Wanaoingia nyumbani kwake ni watu watano: sherifu, mwendesha mashtaka wa kaunti, jirani aliyeikuta maiti, na wake wawili, Martha Hale aliye mke wa jirani na Bi. Peters aliye mke wa sherifu. Wanaume wanapanda juu kuangalia kitanda, wanatoka kwenda bandani, wanarudi. Wanawake wameachwa jikoni wakusanye nguo za kumpelekea mfungwa. Mwendesha mashtaka anaona taulo chafu na masufuria yasiyooshwa, anahukumu kwamba mwenye nyumba hakuwa mtunzaji. Anaposikia wake wanahuzunikia chupa za matunda zilizopasuka kwa baridi, mumewe Martha anasema wanawake wamezoea kuhangaikia vitu vidogo vidogo.

Na vitu vidogo vidogo ndivyo kesi yenyewe. Mfuko wa sukari umefunguliwa, nusu imemiminwa. Meza imefutwa upande mmoja. Martha anaona hayo na anaelewa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe ametoka nyumbani mbio akaacha unga nusu umechekechwa na nusu bado. Mwanamke haachi kazi katikati ila kuna kilichomkatiza. Kisha wanakuta vipande vya mfarishi ambao Minnie alikuwa akiushona: mshono umenyooka, umenyooka, umenyooka, halafu ghafla umekwenda arijojo kama wa mtu anayetetemeka. Wanakuta tundu la ndege, mlango wake umevutwa mpaka bawaba imevunjika. Mwisho, ndani ya kisanduku cha kushonea, wamekutana na kanari amefungwa katika kitambaa cha hariri. Shingo imenyongwa.

Hakuna anayesema wazi. Wanatazamana. Martha ameshaifumua ile mishono mibaya na kuishona upya, akisingizia kwamba haipendi kazi mbovu.

Msomaji wa pwani haoni shida kuuelewa usomaji wa namna hii. Pita Biashara Street siku yoyote uone wanawake wanavyonunua leso: wanatazama rangi, ndiyo, lakini kabla ya kulipa wanasoma jina. Leso yenye "Usisafirie nyota ya mwenzio" ikivaliwa mbele ya mlango wa mtu fulani asubuhi fulani, mtaa mzima wa wanawake umepata habari, na mwanamume mwenye nyumba amepita kwenda kazini bila kujua kwamba pamesemwa kitu. Maandishi yako hadharani, kwa herufi kubwa. Asiyesoma si kwamba hawezi. Hajaona kama hapo ni mahali pa kusoma. Mshono wa Minnie ni leso ya namna hiyo, na sherifu ndiye yule mwenye nyumba.

Sasa twende kwa Dahl. Saa inasema ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Mary Maloney, mjamzito wa miezi sita, anashona akimsubiri mumewe Patrick, ambaye ni mpelelezi wa polisi. Mume anaingia, anakunywa haraka kuliko kawaida, anamwambia mkewe kuna jambo. Jambo lenyewe hatulisikii. Mwandishi anasema lilichukua dakika nne au tano tu kulieleza, kisha anatudokezea ya kutosha kuelewa kwamba ndoa imekwisha na kwamba Patrick atampa fedha na kumtunza. Mary anashuka katika chumba cha chini, anafungua friza, anatoa mguu wa mwanakondoo mgumu kama jiwe, anapanda nao, na bila neno anampiga mumewe kisogoni.

Kuanzia hapo kasi ni ya ajabu. Mguu unaingia oveni. Mary anakaa mbele ya kioo akifanya mazoezi ya sauti na tabasamu. Kabla ya saa kumi na mbili yuko dukani akinunua viazi na kopo la njegere, anazungumza na muuzaji kama mke mwenye furaha. Anarudi nyumbani akijiambia kwamba hajui kitu, na kweli anapoiona maiti analia machozi ya kweli. Anawapigia simu polisi, wenzake marehemu. Wanatafuta kitu kizito kilichotumika: rungu, spana, chombo cha chuma. Karibu saa tatu usiku mmoja wao anaona oveni bado inawaka. Mary anawasihi wale, wamechoka, ni marafiki wa Patrick. Wanakula. Wakiwa na midomo imejaa wanaambiana kwamba silaha haiwezi kuwa mbali, labda iko mbele ya pua zao. Chumba cha pili, Mary anaanza kucheka.

(Wasomaji wa Kibokoni niliowasimulia kisa hiki hawakushtushwa sana na kipigo. Kilichowashtua ni askari kunywa wiski kazini, na mjane kupika siku hiyo hiyo badala ya majirani kuleta sahani. Bibi mmoja akaongeza kwamba kwa hali yake Mary alipaswa kukaa eda mpaka ajifungue, na huko kwenda dukani kungemponza mapema kuliko polisi.)

Hapa ndipo fundo la kufumuliwa. Watu husema hadithi zote mbili zinahusu ushahidi uliofichwa jikoni. Ni kweli, lakini hakikufichwa kitu kile kile. Kwa Glaspell silaha inajulikana tangu mwanzo: kamba ilikuwa bado shingoni mwa marehemu. Hata mshukiwa anajulikana. Kinachokosekana ni sababu. Mwendesha mashtaka anakiri mwenyewe kwamba kila kitu kiko wazi isipokuwa sababu ya kufanya hivyo, na kwamba wanajuri wanapokuwa na mwanamke mbele yao wanataka kitu cha kushika. Kanari ndiye kitu hicho. Kwa Dahl mambo yamegeuka: polisi hawajishughulishi na sababu, wanatafuta chuma. Mmoja wao anamwambia Mary waziwazi kwamba ukiipata silaha umempata mtu. Silaha inatafunwa wakati wakizungumza.

Kwa hiyo wanawake wa Glaspell wanaficha kwa nini, na Mary anaficha kwa kitu gani. Tofauti hiyo inaleta nyingine. Silaha ukiila imekwisha. Sababu ukishaijua huwezi kuacha kuijua, na ndiyo maana Bi. Peters anateseka namna ambayo hakuna mtu anayeteseka kwa Dahl. Anakumbuka paka wake wa utotoni, aliyeuawa kwa kishoka na mvulana, na jinsi ambavyo angemdhuru mvulana yule kama asingezuiwa. Anakumbuka mtoto wake wa kwanza aliyefariki, na ukimya wa nyumba baada ya hapo. Na wakati huo huo anasema, kwa sauti ya mke wa sherifu, kwamba sheria lazima iadhibu uhalifu. Martha naye anajibebesha hatia nyingine: miaka yote hiyo hakumtembelea Minnie, na anauliza nani ataadhibu kosa hilo.

Waandishi wote wawili wanafanya ujanja mmoja ambao sijaona ukitajwa vya kutosha. Wanamnyamazisha mwanamume. Maneno ya Patrick tumekatiwa, zile dakika nne au tano. Wright ni maiti tangu aya za mwanzo na hana mtetezi zaidi ya mtu mmoja anayesema alikuwa akilipa madeni. Kama tungesikia upande wao, mizani ingetikisika. Namwona Glaspell ana udhuru, kwa sababu pia amemnyima Minnie kauli. Wote wawili hawapo, na sisi tunabaki na alama tu kama walivyobaki wale wanawake. Dahl hana udhuru huo. Yeye yuko sebuleni, anasikia kila kitu, kisha anatuzibia masikio. Amefanya hivyo ili tumpende Mary, na mbinu imefaulu.

Hebu sasa tuwapeleke wote wawili Mahakama Kuu ya Mombasa, tuone sheria ya Kenya ingewatendeaje. Zoezi hili linafundisha kuliko uchambuzi mwingi, kwa sababu sheria na huruma ya msomaji zinakwenda pande mbili tofauti.

Kwanza, juri lisingekuwepo. Neno hilo katika jina la hadithi ya Glaspell linamaanisha raia kumi na wawili wa kawaida wanaoketi mahakamani kuamua kama mshtakiwa ana hatia, na jina zima linadai kwamba raia hao wawe wenzake, watu wa hali yake. Kenya ya leo kesi ya mauaji inaamuliwa na jaji peke yake. Enzi ya ukoloni juri lilikuwepo kwa washtakiwa Wazungu tu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji, na utaratibu huo wa wazee ukaondolewa mwaka 2007. Basi mwaka ule Glaspell alipokuwa akiuliza nani mwenye haki ya kumhukumu mwanamke wa shamba la Iowa, swali hilo hilo lingeweza kuulizwa Mombasa kwa watu wengine kabisa.

Pili, suala la sababu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 9, inasema kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda haina uzito katika kuamua hatia, isipokuwa sheria iseme vingine. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kitendo na nia ya kuua. Chuki, wivu au kanari aliyenyongwa si lazima. Kwa karatasi, basi, kisanduku cha kushonea kisingehitajika kumtia Minnie hatiani. Kwa hali halisi kingehitajika sana, hasa pale ushahidi wote ni wa kimazingira na mshtakiwa anasema alikuwa usingizini. Mwendesha mashtaka wa Glaspell anaujua mchezo huo, na hapo mwandishi, aliyewahi kukaa katika viti vya waandishi wa habari mahakamani, anaonyesha kwamba alikuwa akisikiliza.

Tatu, na hapa ndipo panapouma, kuna kuchokozwa. Kifungu cha 207 kinaruhusu mauaji kushushwa yawe kuua bila kukusudia iwapo mtu aliua kwa hasira ya ghafla iliyoletwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Mpime Mary: ameambiwa, ameshuka ngazi, amepanda, amepiga. Ni dakika chache. Wakili wake angekuwa na mahali pa kuanzia, ingawa angepata taabu, kwa sababu uchokozi unaotambuliwa ni kitendo kiovu au tusi la kumkosesha subira mtu wa kawaida, na mume kusema anaondoka, hata kama inaumiza, ni vigumu kuiita hivyo. Na yale mazoezi ya kioo? Yalifanyika baada ya kuua, kwa hiyo hayathibitishi kwamba alipanga, lakini ni jaji gani angeyasikia asimwone mtu mwenye akili timamu kabisa?

Minnie hali yake ni mbaya zaidi. Ndege amekufa, kamba imetafutwa, fundo limefungwa, mume amesubiriwa alale. Hasira imepata muda wa kupoa, au tuseme imepata muda wa kuganda. Bunduki ilikuwemo nyumbani, naye hakuitumia. Jirani mwenyewe analistaajabia hilo. Alichagua kunyonga. Sheria ya uchokozi ilitungwa ikimfikiria mtu anayelipuka papo hapo, na mtu anayekandamizwa kidogo kidogo kwa miaka ishirini haingii ndani yake vizuri. Mjadala wa wanasheria na wanasaikolojia juu ya wake wanaoteswa kwa muda mrefu ulipata nguvu baada ya utafiti wa Mmarekani Lenore Walker, aliyeuchapisha mwaka 1979, na Kenya yenyewe imepata sheria maalumu ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015. Glaspell alikuwa ameliweka tatizo mezani mapema, bila istilahi hata moja, kwa kutumia ndege na sindano.

Kwa ufupi wa kesi: mwanamke ambaye msomaji anamhurumia zaidi ndiye ambaye sheria ingemkaza zaidi. Na wale wawili jikoni, Martha na Bi. Peters, wangekuwa washtakiwa pia, kwa sababu kuficha ushahidi ni kosa hapa kama kule. Askari waliokula mguu wa kondoo wangetoka salama. Hawakujua.

Kuna jambo moja dogo katika Dahl ambalo wasomaji hulipita. Mara baada ya kuua, Mary anajiuliza sheria inawafanyaje wauaji wenye mimba: wanawanyonga wote wawili, mama na mtoto, au wanangoja ajifungue? Hajui, na hataki kubahatisha, ndipo anapoanza kupanga. Jibu lilikuwepo. Uingereza ilikuwa imeondoa hukumu ya kifo kwa mjamzito tangu mwaka 1931, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 211, nayo inampa kifungo cha maisha badala ya kifo. Kutojua kwake ndiko kunakoisukuma hadithi nzima, na ndiko pekee kunakompa nia njema: anamtetea mtoto. Ukiiondoa hofu hiyo, Mary anabaki mwanamke anayefurahia ujanja wake.

Nyakati zimeingia katika hadithi hizi kwa mlango wa nyuma, kupitia vyombo vya nyumbani. Nyumba ya Wright iko bondeni, haionekani barabarani, na haina simu. Jirani aliyeikuta maiti alikuwa amekuja, asubuhi hiyo hiyo, kumshawishi Wright washirikiane kuvuta laini ya simu; alipomweleza Minnie sababu ya safari yake, Minnie akacheka, kisha akaogopa. Wright alikuwa amekwisha kuikataa simu zamani, akisema watu wanaongea mno. Kwa Dahl simu ipo na Mary anaitumia kama jukwaa. Friza ipo na inampa silaha isiyofanana na silaha. Oveni inaiharibu. Duka liko karibu na linampa shahidi. Upweke wa Minnie ni wa mahali. Wa Mary ni wa mtu mwenye kila kitu ndani na asiye na wa kumwambia. Zijaribu zote mbili katika Mji wa Kale, ambako ukuta wa nyumba moja ni ukuta wa jirani na baraza ya nje haikosi watu hadi usiku, utaona zinavunjika: ndege akinyamaza siku moja mtaa ungeuliza.

Dahl, kwa taarifa, aliujua upande wetu. Mwaka 1938 alishuka Mombasa kutoka Uingereza, akahamia meli ndogo ya pwani na kwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, mpaka vita vilipompeleka Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Hakuna hata chembe ya hayo ndani ya hadithi hii. Nyumba ya Maloney haina mji wala nchi. Inaweza kuwa popote penye taa za umeme na mapazia, na nadhani hilo limesaidia isizeeke. Mwongozaji filamu Alfred Hitchcock aliipeleka kwenye televisheni mwaka 1958, na ilibidi abadilishe machache sana.

Ukiniuliza ipi bora, sitajificha. Ya Dahl imekaa vizuri mkononi, unaisoma kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, na utani wake hauchakai. Lakini ukiisoma mara ya pili umeshaijua, maana yote yalikuwa kwenye ule mguu. Ya Glaspell mara ya kwanza inachosha, tena wanaume wake wamefanywa wajinga kupita kiasi; nisingependa kuamini kwamba mwendesha mashtaka mzima analiona tundu asione kwamba limevunjwa. Mara ya pili ndipo inapofunguka, kwa sababu ukishajua kuna nini ndani ya kisanduku, kila wanalolinyamazia wale wanawake linasikika. Mimi nachagua Glaspell.

Na kwa swali ambalo vijana huuliza kila mara, je, walikamatwa? Hadithi zote mbili zinakoma kabla ya mahakama. Kwa Mary sioni pa kumshika: utabaki mfupa uliochomwa, na shahidi wa dukani. Kwa Minnie sina uhakika huo. Kisanduku kimeingia mfukoni mwa Martha, sawa, lakini tundu bado linabaki nyuma, na mwendesha mashtaka aliliona, akauliza ndege yuko wapi, akaambiwa huenda paka amemla. Akauliza kama paka yupo, akajibiwa kwamba sasa hayupo, paka nao wana imani zao, huondoka. Katika nyumba ile hakukuwahi kuwa na paka. Akirudi siku ya pili kuwauliza majirani, wa kuanza naye ni Martha Hale.